Talaka kwa simu, fatwa kwa simu

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu wasikilizaji, hivi karibuni nilikwenda nyumbani Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, kumjulia hali mama. Kwa asiyepajua, aifuate Reli ya Kati mpaka Itigi, hapo aiache reli, ashike barabara ya vumbi inayopita vichakani. Ni nchi ya alizeti, asali na ng'ombe. Wenyeji ni Wakimbu, wamechanganyika na Wanyamwezi, Wagogo, Wasukuma waliofuata malisho, na wachuuzi wa kila kabila. Katika mtaa wetu makanisa ni mengi kuliko misikiti, na katika msikiti nilioswali alasiri safu zilikuwa mbili, ya pili haikujaa.

Baada ya swala nilikaa barazani na maalim anayesomesha watoto pale, mzee ninayemfahamu tangu nikiwa nasoma darasa la tatu. Mara akaja kijana mmoja, simu mkononi, hata viatu hajavua vizuri.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba. Una nini, mbona unahema?"

Kijana akaeleza. Dada yake ameachwa. Mumewe aliondoka baada ya mavuno kwenda kutafuta riziki machimboni upande wa Chunya, na usiku wa kuamkia siku ile akatuma ujumbe kwa simu: nimekuacha talaka tatu, rudi kwenu. Kijana hakungoja asubuhi. Alinunua bando akauliza intaneti. Ukurasa wa kwanza ukamwambia tatu ni tatu, mke huyo si halali tena kwa mume huyo mpaka aolewe na mtu mwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike. Ukurasa wa pili ukamwambia tatu za mkupuo mmoja huhesabiwa moja. Kisha akakuta video ya shehe anayesema Kiswahili, tena kwa sauti ya juu, akitamka kwamba talaka ya simu si talaka kabisa. Majibu matatu, na bando halijesha.

"Sasa maalim, tushike lipi? Mama anataka dada aje nyumbani leo leo. Mwenyewe anasema haondoki, mizinga ile na shamba lile la alizeti ni jasho lake."

Maalim hakujibu swali. Aliomba namba ya simu ya shemeji yake huyo kijana. Nitaeleza baadaye kwa nini, maana nimeona jambo hili linastahili kuelezwa taratibu, na pia kwa wasikilizaji wasio Waislamu ambao husikia neno fatwa likitajwa katika habari za vita tu.

Fatwa ni jibu. Mtu ana jambo linalomkwaza katika dini yake, anamwendea mjuzi wa sheria ya Kiislamu, yaani mufti, anauliza, anajibiwa. Basi. Si hukumu. Hukumu hutolewa na kadhi, baada ya kuwasikiliza wadai wawili na mashahidi, na anayehukumiwa hulazimika kutii. Fatwa haimlazimishi mtu kwa nguvu ya dola. Humlazimisha kwa nguvu ya moyo wake. Ndiyo maana wanazuoni wa kale waliandika vitabu vizima juu ya adabu ya kuuliza na kujibu. Mmoja wao ni Imam an-Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa nguzo ya wafuasi wa Imam Shafi, na hao ndio Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Katika adabu hizo limo jambo moja kubwa: mufti aujue mji wa muulizaji, desturi zake na maana ya maneno yake, ndipo ajibu.

Sasa fikiria mtu wa Mitundu. Mufti yuko wapi? Kadhi yuko wapi? Upande wa Bara, mahakama za Kadhi ziliondoka katika mfumo wa dola mwanzoni mwa uhuru, pale Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipounganisha mahakama zote. Zanzibar wamebaki nazo. Kenya nako wapo makadhi wanaotajwa katika Katiba ya mwaka 2010, ingawa sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2019 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu asilimia 11 tu ya watu wote. Kwetu Bara lipo Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, lililoundwa mwaka 1968, mwaka uleule Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipopigwa marufuku nchini. BAKWATA lina Mufti, lina mashehe wa mikoa na wilaya na makadhi wake, lakini uamuzi wa makadhi hao hauna nguvu ya dola nyuma yake. Na wapo Waislamu ambao hawajawahi kulikubali baraza hilo tangu lilipozaliwa, kwa hiyo hata shehe wa wilaya akiwa karibu, si kila mtu atamwendea.

Nimetumia neno wachache katika matangazo ya kipindi hiki, na mwenzangu mmoja katika chumba cha habari akanionya. Ana haki. Nchini Tanzania nani wengi na nani wachache ni swali lenye moto wake. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967, na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa wakidai swali hilo lirudishwe. Mimi siingii humo. Uchache ninaouzungumzia ni wa namna nyingine: ni wa mtu aliye mbali na mwalimu. Muislamu wa Birmingham mwenye jirani Mwingereza, na yule wa Mitundu mwenye safu mbili msikitini, wanafanana kwa hilo. Kila mmoja ana maswali ambayo vitabu vyake, vilivyoandikwa katika miji ya Waislamu watupu, havikuyatazamia.

Wala kuuliza kwa mbali hakukuanza na intaneti. Msikilizaji, nikupe kisa kimoja cha bara letu hili. Mwaka 1903 Muislamu mmoja wa Transvaal, Afrika Kusini, alimpelekea maswali matatu Mufti wa Misri, Shehe Muhammad Abduh. La kwanza, wapo Waislamu kule wanaovaa kofia za Kizungu katika shughuli zao, je inafaa? La pili, Wakristo wa kule huchinja ng'ombe kwa namna isiyo yetu, humpiga kwanza kwa shoka, tena bila kutaja jina la Mungu, je nyama hiyo inaliwa? La tatu, Waislamu wa madhehebu ya Shafi wanaswali nyuma ya wale wa Hanafi, ambao wana tofauti ndogo ndogo katika swala, je swala inasihi?

Ni maswali ya mtu anayeishi na wengine. Hakuna swali hata moja hapo ambalo mtu wa Cairo angelazimika kuuliza kwa shida. Shehe Abduh akajibu kwamba yote matatu yanafaa. Jibu lile lilikusudiwa Transvaal, lakini likavuja Cairo, magazeti yakalivamia, na mahasimu wa Shehe huyo, waliokuwa na hesabu zao za kisiasa na ikulu ya Khedive, wakaligeuza fimbo ya kumpigia. Mwanafunzi wake, Rashid Rida, akamtetea katika jarida lake la al-Manar, ambalo lilikuwa na ukurasa wa kudumu wa kujibu maswali ya wasomaji kutoka nchi za mbali. Jibu lililoandikwa kwa ajili ya wachinjaji wa Transvaal likaja kugombanisha watu mjini Cairo ambao hawakuwa na tatizo hilo. Likumbuke hili, tutalihitaji.

Jarida la al-Manar lilifika hata pwani yetu. Miongoni mwa walioathiriwa nalo ni Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waswahili mambo ya dini na dunia kwa lugha yao. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi hiyo ya kuileta elimu katika Kiswahili ikaendelezwa na Shehe Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani ilichapwa mwaka 1969. Wapo mashehe wa wakati wao waliokunja uso, wakisema elimu hii si ya kusomwa na kila mtu peke yake chini ya mwembe, bila mwalimu. Leo malalamiko hayo hayo yanaelekezwa kwa simu. Nasi wa redio tulipata fungu letu: kila chombo kipya kinapoingia, kuna mwalimu anayeona darasa lake limevunjwa.

Na tusidhani maswali ya Transvaal yamezeeka. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja kitoweo cha kuuzwa sokoni ulifikia kumwaga damu, mchungaji mmoja akauawa. Mwezi huohuo Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia kwa miezi sita redio mbili za dini, Kwa Neema ya Mwanza, ya Wakristo, kwa matangazo yaliyohusu uchinjaji, na Imaan ya Morogoro, ya Waislamu, kwa yale yaliyohusu sensa. Nakumbuka siku zile tulivyokuwa tukiyapima maneno studioni kama mtu anayepima dhahabu. Jambo ambalo katika kitabu ni mlango mmoja wa fiqhi, mtaani lilikuwa suala la uhai.

Turudi kwenye mtandao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo milango mikubwa ya fatwa ilipofunguliwa katika intaneti. Mmoja ni ule wa Islam Q&A, ulioanzishwa huko Saudi Arabia na Shehe Muhammad Salih al-Munajjid. Mwingine ni IslamOnline, uliofungamana na Shehe Yusuf al-Qaradawi, Mmisri aliyeishi Qatar na ambaye tangu mwaka 1996 alikuwa akijibu maswali katika televisheni ya Al Jazeera. Mwaka 1997 Shehe huyo alikuwa kiongozi wa baraza jipya lililoundwa London, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, ambalo makao yake yakawa Dublin, Ireland. Huko Marekani, mwanazuoni wa asili ya Iraki, Taha Jabir al-Alwani, alikuwa ameanza kuzungumzia fiqhi mahususi ya Waislamu walio wachache. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayeishi katika nchi isiyo na benki za Kiislamu, wala mahakama za Kiislamu, asijibiwe kana kwamba yuko Makka.

Fatwa iliyowapa umaarufu, na lawama, ni ile ya Oktoba 1999. Waislamu wa Ulaya waliuliza: tunapanga nyumba mpaka tunazeeka, hatuna njia ya kununua isipokuwa kwa mkopo wa benki wenye riba, na riba ni haramu, tufanyeje? Baraza likajibu kwamba, ikiwa hakuna njia nyingine, Muislamu wa kule anaweza kuchukua mkopo huo, lakini nyumba iwe ya kukaa yeye na watu wake, asiwe na nyingine, wala asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kuinunua kwa njia nyingine. Walitegemea kanuni ya dharura, na kauli ya baadhi ya wanazuoni wa Hanafi kuhusu miamala katika nchi zisizo za Kiislamu. Wanazuoni wengi waliipinga mara moja.

Fatwa kama hiyo ikiingia kwenye intaneti huwa ni kama karatasi iliyopeperushwa na upepo: inatua popote, na masharti yake aghalabu yanabaki kule ilikotoka. Maalim wa Mitundu alinichekesha kwa kisa cha kijana wa pale aliyemjia na fatwa hiyohiyo ya Ulaya. Alikuwa anataka mkopo wa riba anunue pikipiki ya bodaboda. Maalim akamuuliza, "Mwanangu, hiyo pikipiki utalala ndani yake?" Wakacheka wote wawili, lakini suala lenyewe si la kucheka. Kijana anahitaji kazi. Benki inayofuata sharia kwa ukamilifu nchini, Amana, ilianza mwaka 2011, na mabenki mengine yamefungua madirisha ya namna hiyo, lakini matawi yake ni ya mijini. Je, kwa mtu wa Mitundu njia nyingine ipo au haipo? Hilo ndilo swali ambalo ilibidi aulizwe mjuzi wa Tanzania, anayejua masharti ya mikopo ya Tanzania. Wale wa Dublin hawakuulizwa habari za bodaboda.

Kisha upo upande wa pili. Kijana mwenzake alisoma katika mlango mwingine wa intaneti kwamba kuwapa salamu majirani Wakristo siku ya sikukuu yao ni haramu. Jibu hilo liliandikwa na mtu anayeishi katika nchi ambayo hana jirani wa namna hiyo. Mitundu, ndugu zangu, shangazi yako anaweza kuwa muumini wa kanisa, na mkwe wako akawa mwinjilisti. Msibani mnachimba kaburi pamoja. Kijana akaacha kwenda kwa shangazi yake Krismasi. Maalim alichukua miezi kumrudisha. Kwa maoni yangu hapa ndipo intaneti ina madhara makubwa kuliko yale ya fatwa laini ya riba. Fatwa laini humgharimu mtu mfuko wake. Hii nyingine huwavunja watu undugu, na mwandishi wake hatajua kamwe kwamba kuna mwanamke wa Mitundu aliyepika wali akangoja mtoto wa kaka yake asije.

Hata nchi zenye wanazuoni tele zimeona ugumu wa kuushika mlango huu. Agosti 2010 Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia aliamuru kwamba fatwa za hadhara zitolewe na wanachama wa Baraza la Wanazuoni Wakuu tu. Mwaka huohuo IslamOnline ikatumbukia katika mgogoro kati ya wenye mali huko Qatar na waandishi wake wa Cairo, wafanyakazi wakagoma. Muulizaji wa mbali, aliyezoea majibu ya namna moja, hakuwa na habari kwamba nyuma ya ukurasa watu wanagombana.

Sasa niingie kwenye ile talaka, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Majibu matatu ya kijana yote yana asili. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne ya Sunni wamesema talaka tatu zikitamkwa pamoja ni tatu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alisema ni moja. Kauli hiyo ndiyo iliyochukuliwa na sheria ya Misri ya mwaka 1929, na nchi nyingine nyingi zikafuata. India, ambako sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu Waislamu zaidi ya milioni 170 na bado ni wachache mbele ya Wahindu, Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha talaka ya tatu kwa mpigo mwaka 2017, na mwaka 2019 Bunge likaifanya kosa la jinai lenye kifungo cha mpaka miaka mitatu. Kuhusu talaka ya simu, mahakama ya sharia ya Gombak nchini Malaysia iliikubali talaka iliyotumwa kwa ujumbe wa simu mwaka 2003, na dunia nzima ikashangaa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza haukusema uongo, wala wa pili. Wa tatu, yule wa sauti ya juu, ndiye aliyepunguza maneno.

Lakini kuna jambo ambalo kurasa zote tatu hazikulifanya, wala hazikuwa na uwezo wa kulifanya. Hazikumuuliza mume.

Katika madhehebu ya Shafi, talaka iliyoandikwa haichukuliwi sawa na iliyotamkwa kwa ulimi. Mtu mwenye uwezo wa kusema akiandika neno la talaka, hata likiwa wazi kama mchana, maandishi hayo huhesabiwa kuwa fumbo, na fumbo halisimami bila nia. Imam an-Nawawi ameliweka hilo katika Minhaj: akiandika bila kunuia, ni maneno matupu, akinuia, kauli yenye nguvu ni kwamba imepita. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama tatu ni tatu au tatu ni moja, kuna maswali ya kuuliza kwanza. Ni wewe uliyeandika, au mtu alishika simu yako? Ulipoandika ulikusudia nini? Ulikuwa na akili zako? Maswali hayo anaulizwa mtu, kwa jina lake, na mtu anayemjua. Ndiyo sababu maalim aliomba namba ya simu.

Na kuna haraka katika mambo haya. Ikiwa talaka imepita na ni moja au mbili, mume ana nafasi ya kumrejea mkewe ndani ya eda, ambayo kwa mwanamke apataye hedhi ni tohara tatu. Eda ikiisha, rejea imekwisha. Watahitaji ndoa mpya na mahari mapya, kwa ridhaa ya mke. Familia inayokaa miezi ikibishana juu ya kurasa za intaneti huenda ikashtuka siku zimepita. Na mwanamke katika muda huo wote haelewi kama ni mke au si mke, apike wapi, alale wapi, avune alizeti ya nani.

Kisha iko sheria ya nchi, ambayo hakuna ukurasa hata mmoja kati ya ile mitatu uliyoitaja, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kuvunja ndoa, na kabla ya mahakama wanandoa wapitie baraza la usuluhishi. Kwa Waislamu baraza hilo linaweza kuwa la BAKWATA. Likishindwa kuwapatanisha, na talaka ikawa imetolewa kwa sharia, ndipo mahakama hutoa amri yake. Mume aliyeandika maneno machache usiku machimboni hajamaliza kitu mbele ya sheria hiyo. Na mali? Wengi wa akina mama vijijini hawajui kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndoa ya Kiislamu hiyo, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mizinga ya yule dada, na shamba lake alilolilima kwa mkono wake, vina pa kusemewa.

Msikilizaji asije akadhani nailaani intaneti. La hasha. Yule dada mwenyewe, kwa maneno ya kaka yake, alikuwa ameshaitumia simu ya shoga yake kuuliza jambo jingine ambalo asingethubutu kumuuliza maalim ana kwa ana, la tohara yake. Akapata jibu sahihi, kwa siri, bila kuona haya. Wanawake wangapi walikufa na maswali yao kwa kukosa mtu wa kumuuliza? Kadhalika mwenye madhehebu ya Ibadhi anayeishi Bara, peke yake katika wilaya nzima, sasa anaweza kumsikiliza Mufti wa Oman, Shehe Ahmed al-Khalili, ambaye alizaliwa Unguja mwaka 1942 na anashika wadhifa huo tangu 1975. Na wapo mashehe wetu wenye elimu ya kutosha ambao darasa zao za Kiswahili katika YouTube zinasikilizwa na Waswahili wa Muscat, London na Toronto, watu ambao watoto wao wasingepata mwalimu wa lugha yao. Safari hii elimu inatoka kwetu kwenda nje.

Maalim naye ana simu ya kugusa. Nilishangaa. Yuko katika kundi la WhatsApp la walimu wa madrasa wa mkoa, na jambo likimshinda huliandika humo, lakini haandiki kama alivyoandika kijana. Huandika swali refu: muulizaji ni nani, wa wapi, amesema nini na kwa lugha gani, nini kimetangulia. Majibu yakija huuliza yametoka kitabu gani. Kisha ndipo humwita mwenye shida akamwambia. Na siku hizi, aliniambia, wapo vijana wanaoiuliza mashine inayojibu yenyewe, isiyo na jina wala madhehebu, wakamletea jibu lililopangika vizuri kuliko la kwake. Yeye hulisoma lote, halafu huuliza, "Hii imesoma kwa nani?"

Mume wa Chunya hakupatikana jioni ile. Mtandao wa kule machimboni nao una siku zake. Alipatikana kesho yake baada ya alfajiri. Maalim alizungumza naye peke yake, nje, akitembea huku na huko karibu na mti wa mwarobaini, na mimi sikusikia. Aliporudi hakutueleza walichosema. Alimwambia kijana mambo mawili: kwamba dada yake asihame nyumba, kwa kuwa hata mwenye eda hukaa nyumbani kwake, na kwamba mume atafika Mitundu baada ya juma moja, aje azungumze mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kijana akauliza kama ahesabu moja au tatu. Maalim akamwambia asihesabu kitu mpaka mwenye maneno yake afike ayaseme mwenyewe.

Niliondoka Mitundu kabla ya juma hilo kwisha. Kabla sijapanda gari nilipita karibu na ile nyumba. Yule dada alikuwa uani anatwanga, na mama mkwe wake amekaa pembeni anapepeta.